Mtoto wa Wasiooana, Malezi ya Wawili

Kijana wa Mtito Andei aliyezaa na msichana bila ndoa bado huambiwa na wazee: hukuleta mbuzi wa ntheo, wa kufunga ndoa kimila kwa Wakamba, mtoto si wako. Sheria inasema vingine. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inawapa mama na baba wajibu sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 ilichukua nafasi ya ile ya 2001, iliyomtwika mama asiyeolewa mzigo huo kwanza.

Lakini usawa huo si kibali cha kumpokonya mama mtoto anayenyonya. Maslahi ya mtoto ndiyo hutangulia. Na baba aliyepanda lori kwenda Mombasa akazima simu? Anadaiwa matunzo vilevile. Wazazi wazungumze, waandikiane makubaliano mbele ya afisa wa watoto. Wakishindwana, mahakama ya Makindu iko barabara hiyo hiyo ya Mombasa.