KINYOZI HAJINYOI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Lisekese, Masasi)



Tumetakiwa kusema maneno machache juu ya kiongozi, na juu ya yule amsaidiaye wakati mambo yanapogeuka ghafula. Wahenga walikwisha lisema neno hili: kinyozi hajinyoi. Hata awe hodari wa wembe, kisogo chake hakioni. Sisi makarani twaketi karibu na viongozi kuliko watu wengi, nasi kisogo hicho twakiona kila siku. Kwa hiyo jambo hili latuhusu.

Mageuzi si mageni kwetu. Mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali mjini Tanga, dola ilikuwa imebadilika mbele ya macho yao. Mdachi alikuwa ameondoka na Mwingereza ameingia, pamoja na lugha yake na kanuni zake za ofisi. Kayamba mwenyewe alikuwa amefungwa na Wadachi wakati wa vita. Katika chama kile Wakristo na Waislamu walikutana pamoja, nasi twaamini ya kuwa faida yake moja kubwa ilikuwa hii: karani aliyetatizika alipata mwenzake wa kumwendea jioni.

Mwenzake huyo ndiye tunayetaka kumsema. Siku hizi watu humwita kocha, kwa jina la mpira, na jina hilo lafaa. Kocha husimama nje ya mstari, wala mguu wake haugusi mpira. Wazee wa Kimakua, wa Kiyao na wa Kimakonde walimjua mtu wa namna hii kabla ya mpira kuja. Kijana aingiapo jandoni ana mkubwa wake wa kumtunza na kumfunza, lakini maumivu ni ya kijana mwenyewe, wala hakuna awezaye kuyapokea kwa niaba yake.

Ila iko tofauti moja, nayo ndiyo kiini cha maneno yetu. Kungwi hufunza ayajuayo, kwa kuwa njia ile aliipita zamani. Katika mageuzi makubwa njia haijapitwa na mtu. Mwenye ushauri wa jana aweza kumpoteza kiongozi wa leo. Kwa hiyo kocha haanzi kwa kujibu, bali huuliza, mpaka kiongozi asikie kwa masikio yake mwenyewe lililo moyoni mwake.

Tutatoa mfano tulioushuhudia. Tangu msimu wa 2007, korosho za huku kwetu zilikuwa zikipelekwa ghalani kwa stakabadhi na kuuzwa mnadani. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za mnada. Mwezi wa Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzisomba. Ikaja pia kazi ya kuwahakiki wakulima, ili wanunuzi wa magendo, wale waitwao kangomba, wasipenye. Kazi hiyo ilichukua muda, na wako waliongoja fedha hata mwaka 2019.

Katika ofisi tuliyokuwamo siku zile, mkuu alikuwa kijana, mgeni wa mahali, mwenye elimu nzuri. Kanuni alizozisomea zilibadilika kabla hajazizoea. Kila asubuhi wakulima walijaa barazani wakiuliza, Fedha lini? Naye akafunga mlango, akawa anatoa matangazo. Juma moja yalitoka matatu, kila moja likitaja siku nyingine ya malipo. Sisi ndio tuliyoyapiga chapa na kuyabandika, na la tatu tulilibandika hali tukijua kuwa si kweli. Aibu ile hatujaisahau.

Alikuwako mzee mmoja, karani mstaafu, aliyezoea kupita jioni kumjulia hali mkuu yule. Yaliyosemwa kati yao tuliyapata baadaye kwa mkuu mwenyewe, naye ametupa ruhusa kuyasimulia bila jina lake wala la ofisi. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee aliuliza:

“Mwanangu, katika hayo uliyoyaandika juma hili, lipi ulijualo kwa hakika?”

“Mzee, nalijua moja tu, kwamba majina yamekwisha pelekwa.”

“Na siku ya malipo?”

“Siijui.”

“Basi nani aliyekutuma kuitaja?”

Mkuu akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba hakutumwa na mtu; aliona haya kuwaambia watu wazima kuwa hajui. Mzee hakumlaumu wala hakumwagiza neno. Alimwuliza tu, “Na kesho utawaambia nini?” Akachukua bakora yake, akaenda zake.

Kesho yake mkuu alitoka nje, akasimama chini ya mkorosho. Aliwaambia alijualo, akawaambia asilolijua, akakiri kwamba alikosa kuzitaja siku zile. Akaahidi kusimama pale kila Jumanne saa tatu, hata kama hana habari mpya. Wengine walinung’unika na mmoja alimtukana, naye akastahimili. Jumanne ya pili walirudi, wakakaa kitako wakamsikiliza. Fedha hazikuja upesi kwa ajili hiyo, na wazazi walioumia waliumia. Lakini tangu siku ile hatukubandika uongo tena.

Katika habari hii twajifunza mambo manne. Kwanza, mwulizaji asiwe bwana wa yule mtu, wala asiwe na haja ya cheo kwake. Pili, siri ikae; ikitoka mara moja, mlango hautafunguliwa tena. Tatu, mazungumzo yaishe kwa tendo moja la kufanywa kesho. Nne, warudiane, maana moyo wa mtu haufunguki kwa siku moja.

Lakini tusidanganyane. Maswali mazuri hayalipi deni, wala hayageuzi amri mbaya kuwa njema. Amri ikiwa ya dhuluma, kazi yetu si kumfariji kiongozi ili aitimize vizuri. Ni kumwuliza kama ataweza kuitetea mbele ya wale itakaowaumiza.

Nchi yetu imejua zamani kwamba uongozi hufunzwa. Mwaka 1953 ilifunguliwa shule ya Mzumbe kwa ajili ya machifu na watumishi wa serikali za wenyeji, na mwaka 2010 ikaanzishwa Taasisi ya UONGOZI. Twashukuru. Walakini darasa huisha na cheti hutolewa, na shida huja baadaye, jioni, mtu akiwa peke yake na faili lake.

Basi, ndugu wanachama, twaleta shauri hili: kila mmoja wetu achague mwenzake mmoja asiyemtawala wala kutawaliwa naye, wakutane mara mbili kwa mwezi, waulizane. Wa kwanza kuulizwa tuwe sisi wenyewe, ambao tuliwahi kubandika tangazo tulilolijua kuwa si kweli, na hatukuwa na mtu wa kutuuliza kwa nini.