Samaki Hana Kosa

Jioni, soko la samaki Bagamoyo. Changu aliyeshushwa ufukweni mchana anatumbukizwa kwenye karai, mafuta yanachemka mpaka yanamfunika mkia. Samaki huyohuyo angeweza kulazwa juu ya makaa na kukamuliwa ndimu. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4. Kwa hiyo tusimsingizie samaki. Mwenye kesi ni karai.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na uzito uliozidi. Hata hivyo, mtu akipungua kidogo tu, mtaa mzima unamuuliza: "Vipi, unaumwa?"

Simwambii mtu aache nazi. Mpwani bila nazi, kweli? Ila tazama sahani zetu: mlima wa wali, mchuzi pembeni, mchicha kama pambo. Tugeuze. Matembele au kisamvu vijaze nusu ya sahani, wali ubaki kiasi cha ngumi.

Halafu ile soda ya kushushia. Chupa ya mililita 350 ina sukari zaidi ya gramu 30, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ikiwezekana mtu mzima asizidishe gramu 25 kwa siku nzima. Muuza madafu yuko hapohapo kivulini, panga mkononi, anasubiri mteja.