Pa Kuacha Pikipiki: Stendi za Pembezoni kwa Handeni na Korogwe

Mkazi wa kijiji wilayani Handeni aliyekosa basi la alfajiri la moja kwa moja kwenda Dar es Salaam hulazimika kusafiri kwa vipande. Hutoka nyumbani kwa pikipiki hadi penye lami, hupanda Noah au Kosta mpaka Mkata, kilomita 54 kutoka mjini Handeni, na hapo husubiri mabasi ya barabara kuu. Anayekwenda Moshi au Arusha huelekea upande wa pili, kilomita 65 mpaka Korogwe. Mada hii inahusu kile kipande cha kwanza, kwa sababu michoro ya stendi huanza kuhesabu abiria akiwa ameshafika getini.

Inafaa kumtazama mwalimu anayeacha pikipiki yake njia panda ya Segera ili awahi kikao mjini Tanga. Kwa kukosa maegesho, huiingiza uani kwa mama ntilie anayemfahamu, hufunga gurudumu kwa mnyororo kwenye mti, hulipa kidogo kwa maelewano, kisha huondoka na helmeti mkononi kwa kuwa hana pa kuiweka. Hapewi risiti. Pikipiki ikiibwa, hana wa kumdai. Mwenzake asiye na mwenyeji hapo hukodi bodaboda kwenda na kurudi, na nauli hiyo huweza kuizidi ile ya basi lenyewe.

Nairobi ilishalifanyia kazi suala hili kwa upande wa magari madogo. Stesheni ya Syokimau, iliyofunguliwa Novemba 2012, ilijengwa pamoja na maegesho ili mkazi wa pembezoni aache gari lake hapo na kuingia mjini kwa treni. Wazo hilo linafaa mkoani Tanga pia, lakini kwa vipimo vingine. Handeni na Korogwe hazihitaji uwanja mpana wa magari. Zinahitaji banda lenye paa, uzio, taa na mlinzi, litakalopokea pikipiki na baiskeli kwa kibao cha namba, pamoja na sehemu ndogo ya pikapu zinazoshusha machungwa ya Kabuku na magunia ya mahindi.

Haja hiyo imeongezeka tangu Oktoba 2023, Serikali iliporuhusu mabasi kusafiri saa 24. Sasa abiria anaweza kushushwa Segera au Mkata saa nane za usiku, akiwa na mtoto mgongoni na begi mkononi, kijiji chake kikiwa mbali na lami. Mwenye chombo chake mahali palipo na taa anaondoka mara moja. Asiye nacho anabaki kwenye benchi la kibanda kilichofungwa mpaka kupambazuke.

Mahali pa kujenga ndipo penye kishawishi kikubwa. Ardhi ya bei nafuu hupatikana mbali, na halmashauri nyingi huifuata. Tanga ilihamishia mabasi ya mikoani Kange, nje ya katikati ya jiji, na tangu hapo msafiri huongeza daladala au bodaboda kwenye gharama zake. Dar es Salaam nayo ilihama Ubungo na kwenda Mbezi Luis, kwenye kituo kilichozinduliwa Februari 2021, lakini baadhi ya makampuni yaliendelea kupakia abiria kwenye ofisi zao za Shekilango. Abiria na madereva wana njia zao walizozoea, nazo hazibadiliki kwa tangazo la halmashauri. Korogwe ina ushahidi wa muda mrefu zaidi: reli ya kutoka Tanga iliifikia mwaka 1902, na treni ya abiria inayokwenda Moshi na Arusha husimama hapo. Stendi yoyote mpya mjini humo ingepaswa kupangwa kwa kuitazama stesheni.

Kwa hiyo Segera na Mkata, ambako watu tayari hubadilisha magari, ndiko pa kuanzia. Kuna sharti moja lisilokwepeka: sheria ya barabara ya mwaka 2007 inatenga hifadhi ya mita 30 kila upande wa barabara kuu. Banda likijengwa ndani ya eneo hilo litawekewa alama ya X. Halmashauri ya Wilaya ya Handeni inapaswa kukaa na TANROADS kuhusu maingilio ya mabasi, TARURA kuhusu njia za vijijini zinazoishia hapo, na LATRA kuhusu vituo vitakavyoandikwa kwenye leseni za Noah na Kosta, yote hayo kabla mkandarasi hajafika.

Bodaboda nao waitwe mapema. Wengine wataliona banda kama mshindani, na hofu yao ina msingi, kwani abiria mwenye pikipiki yake hawakodi tena. Vyama vyao vinaweza kukabidhiwa ulinzi na uendeshaji wa banda kwa mkataba na halmashauri, ada ibandikwe getini, na kila chombo kinachoingia kikatiwe risiti ya mashine.