Nendeni Shambani Wote: Ziara ya Familia Kwenye Bustani ya Kilimo Hai

[Muziki wa ufunguzi. Unashuka.]

   

Nianze na hesabu ambayo kila mama anayenisikiliza anaijua. Mgao ukifika nyumbani, haubaki wote nyumbani. Kikombe kimoja cha mahindi kinauzwa ili upate pesa ya kusagia. Kingine kinauzwa upate makaa. Kingine kinauzwa upate mboga ya kulia ugali wenyewe. Anayepokea pesa badala ya chakula, hesabu yake ni ileile. Na siku hizi mgao umepungua, kwa wengine umekatika kabisa, kwa hiyo kila kikombe kinachotoka mlangoni kinauma. Sasa fikiri nami: makaa hatuwezi kuyaotesha kwenye gunia. Mboga tunaweza.

Ndiyo maana leo nina ombi moja kwako. Kama karibu nawe kuna shamba la mfano au bustani ya mafunzo, omba ruhusa, uitembelee. Na usiende peke yako. Nenda na watu wote wa nyumba yako. Sababu yake nitakueleza.

Mwezi wa saba, sisi wa nyumbani tulitembelea shamba la kilimo hai lililo pembeni ya makazi yetu hapa Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Tulikwenda mama, baba mdogo, mimi, na wadogo zangu wawili wanaosoma shule ya msingi. Mnaoishi huku mnajua mwezi wa saba ulivyo: mvua za Machi hadi Mei zimekwisha, za Septemba bado, na vumbi limetawala. Tulidhani tutakuta mabua makavu. Tukakuta kijani.

Kilimo hai ni kulima bila mbolea za viwandani na bila dawa za viwandani. Udongo unalishwa kwa samadi, majani na mboji, na wadudu wanazuiwa kwa mimea na kwa akili. Si jambo la maskini tu. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha viwango vya pamoja vya mazao ya namna hii, na alama inayobandikwa kwenye mazao hayo inaitwa Kilimohai, kwa lugha yetu hiihii. Watu wa mijini wanayatafuta.

Mama aliyetupokea shambani ni mkimbizi kama sisi, amekaa hapa miaka mingi. Hakuanza na maneno. Aliwaambia wadogo zangu wachomeke kidole kwenye tuta lililo wazi. Kidole hakikuingia, udongo ulikuwa mgumu na wa moto. Kisha akawaambia wachomeke kwenye tuta la pili, lililofunikwa nyasi kavu. Kidole kilizama, kikatoka na unyevu. Matuta yote mawili yalimwagiwa maji siku moja. Nyasi zile zinaitwa matandazo, na hazinunuliwi. Mdogo wangu wa kike alirudia kuchomeka kidole mara nne, hakuamini.

Kutoka hapo tulipelekwa kwenye mboji, wengine huiita mbolea vunde. Sikiliza vizuri, mama, na wewe kijana andika. Chagua mahali penye kivuli. Weka tabaka la vitu vikavu, kama mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Juu yake weka majani mabichi na maganda ya jikoni. Kisha samadi ya mbuzi au ng'ombe, udongo kidogo, na majivu kidogo. Nyunyiza maji, rudia matabaka, halafu funika kwa majani ya migomba. Chomeka fimbo ndefu hadi katikati. Baada ya siku chache ichomoe uishike: ikiwa na joto na unyevu, kazi inaendelea. Ikiwa kavu, ongeza maji. Ikinuka vibaya, maji yamezidi, geuza rundo lipate hewa. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu, na kwa kawaida baada ya miezi mitatu hivi utapata udongo mweusi unaonukia kama msitu baada ya mvua. Usitie plastiki, wala nyama, wala mifupa. Nyama na mifupa vitakuletea panya na mbwa.

Najua utaniuliza: nitalima wapi, na kiwanja changu kimemezwa na nyumba? Jibu tuliliona limesimama ukutani: bustani ya gunia. Changanya ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya samadi iliyooza. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Chukua kopo kubwa lililotolewa vitako vyote viwili, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze vijiwe. Jaza udongo kuzunguka kopo, kisha livute juu, ujaze tena vijiwe, mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya vijiwe ndiyo njia ya maji, inayafikisha hadi chini. Toboa matundu ubavuni, panda sukuma wiki na lengalenga, ile ambayo wenyeji wetu Waganda huiita dodo. Juu weka vitunguu. Maji ya kusuuzia mboga na vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yanatosha kunywesha.

Na wadudu? Twanga kiganja cha pilipili kali na punje chache za kitunguu saumu, loweka usiku kucha katika lita moja ya maji, chuja, tia povu kidogo la sabuni ya kipande. Jaribu kwanza kwenye majani machache. Nyunyiza jioni, ukilinda macho yako na ya watoto. Mboga zioshe vizuri kabla ya kupika.

Sasa nifike kwenye lile lililotusimamisha. Baba mdogo alikuwa kimya njia nzima. Tulipofika kwenye mipapai akasema, "Mimi sipandi kitu hapa. Kupanda ni kukubali kwamba sirudi kwetu." Hakuna aliyecheka. Wengi wetu tuna neno hilo kifuani, hata kama hatulisemi.

Yule mama alimjibu kwa heshima: "Shemeji, dodo haikuulizi unaondoka lini. Baada ya wiki tatu au nne unachuma. Papai ndilo linataka subira, karibu mwaka. Panda kulingana na muda ulio nao moyoni."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Hakumwambia asahau nyumbani. Alimpa kalenda. Kama moyo wako uko safarini, anza na lengalenga ya wiki nne. Ukipata utulivu zaidi, panda sukuma wiki, utachuma kwa miezi. Na siku Mungu akifungua njia ya kurudi, gunia utaliacha, lakini mikono inayojua kutengeneza udongo utavuka nayo mpaka.

Nilikuahidi sababu ya kwenda wote. Nimeona mara nyingi mtu mmoja wa nyumba anaitwa kwenye mafunzo, anarudi na daftari limejaa, na baada ya mwezi gunia limekauka. Si kwamba hakuelewa. Watoto walimwaga maji ya vyombo nje kwa sababu hakuna aliyewaonyesha thamani yake. Mbuzi aliachwa huru. Bustani ni kazi ya mikono mingi, na mkono usioelewa hubomoa bila kujua. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwetu, yule aliyechomeka kidole ndiye anayeleta nyasi, bila kuambiwa. Mwenzake anachunga maji. Mama anaamua kipi kichumwe. Na baba mdogo? Alifunga uzio wa miiba kuzuia mbuzi. Papai hajapanda, wala hatujamuuliza. Sasa ni mwezi wa kumi, na mara tatu kwa juma tunapika mboga ambayo hatukuiuzia kikombe cha mahindi.

Mtu asikudanganye kwamba gunia litaziba pengo la mgao. Gunia halizai unga, na haki yetu ya chakula tuendelee kuidai. Lakini kikombe kinachobaki ndani ni chakula cha mtoto, na mboga za majani zinampa vitamini A ya macho na kinga ya mwili.

Juma hili fanya matatu tu. Tafuta gunia kuukuu. Anza kukusanya maganda ya jikoni na majivu mahali pamoja. Na uliza kiongozi wa eneo lako shamba la mfano liko wapi, mpange siku ya kwenda wote.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu:
Nyumbani kwenu, ni kiasi gani cha mgao kinatoka kila mwezi kwa ajili ya kununua mboga?
Nani angefanya kazi gani katika bustani ya familia yenu?
Mtu anayeona kupanda ni kukata tamaa ya kurudi, mngemwambia nini?

 

[Muziki wa kufunga.]