Nani Atagonga Mlango?

Kila vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, vituo vya mabasi hujaa vijana wenye magodoro yaliyokunjwa, ndoo na mabegi mapya. Ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Juzi jirani yangu, ambaye binti yake amepata nafasi chuoni, alinisimamisha njiani akaniuliza: "Jirani, nimemnunulia kila kitu. Lakini huko bwenini nani atajua kama mwanangu hakula, au kama hakuamka?"

Nikamjibu kwamba chuo kina mlezi wa bweni, tena kuna ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Akatikisa kichwa. "Hao wako ofisini," akasema. "Mimi nauliza usiku."

Swali hilo limenikumbusha miaka niliyosoma Marekani. Katika vyuo vingi vya kule, mtu wa usiku ni mwanafunzi mwenyewe. Huchaguliwa kijana aliyekwisha kaa chuoni mwaka mmoja au miwili, akapewa sehemu ya bweni aiangalie, naye huishi humo humo pamoja na wenzake. Kwa kifupi wanamwita R.A.; mimi nitamwita mshauri wa bweni. Ujira wake mara nyingi ni chumba cha bure, pengine na chakula, au posho kidogo.

Nami nilikuwa mmoja wao. Sitawadanganya, sikuomba kazi ile kwa wito. Niliomba kwa sababu ya chumba cha bure.

Tuliitwa mwezi wa Agosti, kabla wenzetu hawajafika, tukafundishwa: namna ya kutoa watu jengo likiwaka moto, namna ya kupatanisha waliogombana, nani wa kupigiwa simu usiku wa manane. Kisha nikakabidhiwa ghorofa yenye vijana 38. Niliandika majina yao milangoni. Niliwakalisha wawili wawili wanaolala chumba kimoja, wakakubaliana kwa maandishi taa izimwe saa ngapi, na mgeni aje lini. Zamu yangu ikifika nilitembea na funguo ghorofa hadi ghorofa, nikituliza makelele.

Lilikuwapo na la pombe. Sheria ya mwaka 1984 ilizibana serikali za majimbo yote ya Marekani ziweke umri wa kununua pombe kuwa miaka 21, na vijana wangu wengi walikuwa na miaka 18 au 19. Nikikuta bia chumbani ilinibidi niandike taarifa. Kwa hiyo wengine waliniita polisi. Nilizoea.

Lakini kanuni moja tuliyofundishwa mimi niliidharau. Ilisema: usimwahidi mtu siri kabla hujajua ni siri gani.

Mwezi wa Februari niliona kijana mmoja wa mwaka wa kwanza haonekani tena bwaloni. Mwenzake wa chumbani alisema siku hizi amelala tu. Jioni moja, kama saa moja hivi, nikaenda kugonga. Kimya. Nikagonga tena. Mara ya tatu akafungua. Alikuwa amefeli mitihani ya muhula uliopita, na kwao hawakujua. Akaniambia maneno ambayo sitayarudia hapa, lakini mtu mzima akiyasikia anatambua kwamba msemaji amechoka kuishi. Kisha akasema: "Niahidi hutamwambia mtu." Nikaahidi.

Mimi nimelelewa kwamba siri ya mtu ni amana. Nikarudi chumbani nikijiona muungwana. Lakini usingizi haukuja. Saa tisa ya usiku nikajikuta nimesimama nje ya mlango wake, nikisikiliza kama anapumua. Hapo ndipo nilipoona upumbavu wangu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikuwa namsaidia mgonjwa kuficha maradhi.

Nikampigia simu mkuu wa bweni. Akaja na mtu wa huduma ya ushauri, wakakaa na yule kijana hadi asubuhi, na wazazi wake wakajulishwa. Mkuu wa bweni hakunisifu. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini ulikaa na jambo hili saa nane nzima?"

Yule kijana aliniona msaliti. Hakunisalimu hadi muhula ulipokwisha. Siku ya kufunga chuo alipita na mizigo yake, akasimama mlangoni kwangu, akasema, "Mwezi wa tisa nitarudi." Na kweli alirudi.

Ndugu msikilizaji, sisemi kwamba utaratibu wa Marekani hauna kasoro. Ni mzigo mkubwa kumtwika kijana wa miaka 20, naye ana mitihani yake. Mwaka 2002 washauri wa mabweni wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, pale Amherst, walipiga kura kuingia katika chama cha wafanyakazi. Walikuwa wakisema kwamba hii ni kazi, si fadhila.

Sasa turudi nyumbani. Chuo Kikuu chetu kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961, kilikuwa na wanafunzi 14. Wanafunzi 14 wanajuana hata kwa vikohozi. Mabweni yaliyofunguliwa Mlimani Aprili 2017 yalijengwa kuchukua wanafunzi 3,840 katika majengo 20. Piga hesabu: ni wanafunzi 192 kwa jengo. Wagawe kwa sakafu nne, unapata 48 kwa kila sakafu. Watu 48 ni idadi ambayo kijana mmoja mwenye moyo anaweza kuwajua kwa majina.

Najua wanafunzi wetu wana utu. Kule kubebana, aliyepata kitanda kumkaribisha mwenzake aliyekosa, ni ushahidi tosha. Lakini utu wa bahati nasibu hautoshi. Anayejaliwa rafiki mwema anapona, na asiyejaliwa je? Na wale waliopanga vyumba mitaani, Sinza na Changanyikeni, nani huwagongea?

Wapo watakaosema tutazalisha wapelelezi mabwenini. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana mtu huyu asiwe kiongozi wa kupigiwa kura, maana mwenye kutafuta kura hupendelea. Wala asiwe mlinzi wa nidhamu. Apewe kitanda bure, afundishwe, apewe namba ya simu inayopokelewa usiku. Na kazi yake iandikwe kwa ufupi: kujua majina, kugonga mlango, na kutokubeba peke yake yanayomzidi.

Gharama yake ni kitanda kimoja kati ya 48. Sidhani kama ni ghali.

Jirani yangu sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia tu amwagize binti yake, siku ya kwanza, kabla hajatandika godoro, agonge mlango wa pili na kutaja jina lake. Akaniambia atamwagiza. Kisha akauliza: "Na wa mlango wa pili akiwa naye ni mgeni?"

Swali hilo nawaachia wenye vyuo.