Heshima ya Kiti na Madaraka ya Kazi



Katika milima ya Usambara neno "mfalme" halihitaji kufafanuliwa. Habari za Mbegha, mwindaji aliyeasisi utawala wa Wakilindi, zajulikana Vugha na Lushoto nzima. Kadhalika za Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Kwa Simba Mwene, heshima na nguvu zilikaa katika mkono mmoja. Yeye ndiye aliyekata mashauri na kupokea kodi, na kwake ndiko watu walikotazamia mvua. Alipokuwa imara, Washambaa walisema nchi imepona. Wakuu waliposhindana, walisema nchi imeharibika. Baada ya mwaka 1862 uharibifu huo ulionekana kwa macho, kwani vita vya urithi vilifuatana na biashara ya watumwa.

Uko ufalme wa namna nyingine, ambao ndani yake heshima na nguvu hutenganishwa na Katiba. Tanganyika iliufuata kwa mwaka mmoja. Tangu tarehe 9 Desemba 1961 mpaka tarehe 9 Desemba 1962, nchi ilikuwa huru, lakini Mkuu wake wa Nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa Dar es Salaam na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Sheria zilitolewa kwa idhini ya Malkia. Hata hivyo aliyeamua yaliyomo si Malkia. Serikali ilikuwa ya Waziri Mkuu na mawaziri wenzake, nao walidumu madhali wabunge walio wengi waliwaunga mkono. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilikuwa imepata viti 70 kati ya 71.

Utaratibu huo ulipimwa upesi. Mwezi Januari 1962, Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na Ndugu Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Gavana Mkuu hakutafuta mtu ampendaye. Alimteua yule ambaye chama chenye wabunge wengi kilikuwa tayari kumfuata. Kalamu ilikuwa ya Gavana, lakini uamuzi ulitoka kwa waliochaguliwa na wananchi.

Msingi wake ni huu: atiaye sahihi halaumiwi, bali ashauriye ndiye ajibuye. Waziri hawezi kujificha nyuma ya kiti cha mfalme, wala Serikali haiwezi kutoza kodi bila idhini ya Bunge. Uingereza na Lesotho zafuata msingi huo mpaka leo. Tanganyika iliuacha ilipokuwa Jamhuri, na Rais aliyechaguliwa na wananchi akaunganisha ukuu wa nchi na uongozi wa Serikali. Mwaka 1963 madaraka ya machifu nayo yalifutwa, Simba Mwene wa Vugha akiwa mmoja wao.

Lakini maandishi ya Katiba peke yake hayatoshi. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Sultani Jamshid bin Abdullah akiwa Mkuu wa Nchi na Muhammad Shamte akiwa Waziri Mkuu. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo, Afro-Shirazi ilikuwa imepata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini vyama vilivyoungana dhidi yake vilipata viti 18 kati ya 31. Bunge likawa na wingi wa viti pasipo wingi wa watu. Tarehe 12 Januari 1964 Serikali hiyo ilipinduliwa, na kiti cha Sultani kikaanguka pamoja nayo.

Chama cha ushirika nacho kina heshima yake na madaraka yake. Uko muhuri, iko sahihi ya mwenyekiti, na iko meza yenye kitambaa. Mkulima aliyeteremsha kahawa au mboga zake kutoka mlimani, kisha akasubiri malipo, hasaidiwi na vitu hivyo asipojua ni nani aliyeamua bei na makato, na kwa idhini ya mkutano upi. Mwanachama akiuliza jambo hilo katika mkutano mkuu, hamvunjii mtu heshima. Anatimiza kazi ileile ya Bunge mbele ya mawaziri. Asipouliza, muhuri utaendelea kugongwa, na hasara itabaki kwa mwenye shamba.