NCHI JIRANI: MCHE ULIOPANDWA NA MCHE ULIOSHIKA

Katika mji wa Nyeri, nchini Kenya, kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, lipo kaburi lenye alama ya duara na nukta katikati yake. Alama hiyo si ya dini wala ya kabila. Ni alama ya njiani ambayo skauti huwachorea wenzao wanaofuata nyuma, na maana yake ni kwamba aliyetangulia amekwisha kwenda nyumbani. Hapo ndipo alipozikwa Robert Baden-Powell, jenerali wa jeshi la Uingereza aliyeanzisha skauti, baada ya kufariki dunia tarehe 8 Januari 1941. Kila mwaka ufikapo mwezi wa Februari, mwezi aliozaliwa jenerali huyo, vijana wa Kenya wenye skafu shingoni hukusanyika mjini Nyeri kumkumbuka.

Mikusanyiko ya namna hiyo hupendeza. Mistari hunyooka, viatu hung'aa, na wazazi hufurahi kuwaona watoto wao wakipita kwa hatua za pamoja. Lakini ubora wa skauti haupimwi kwa gwaride. Hupimwa kwa kazi anayowafanyia watu bila malipo, na kwa swali la nani hasa aliyeiongoza kazi hiyo. Swali hilo linazihusu nchi zote za Afrika ya Mashariki. Linawahusu kwa namna ya pekee wanajeshi na polisi, kwa kuwa wao ndio wanaofikiriwa kwanza pale vijana wanapohitaji lori, sepetu, hema au mwalimu.

Inafaa kukumbuka kwamba chimbuko la skauti lilikuwa jeshini. Katika vita vya Makaburu na Waingereza, mji wa Mafeking huko Afrika ya Kusini ulizingirwa kwa siku 217, tangu Oktoba 1899 mpaka Mei 1900. Wanaume walipokuwa hawatoshi, wavulana walipewa kazi ya kupeleka barua na kutumwa huku na huko, na aliyewaongoza alikuwa mvulana mwenzao. Baden-Powell, aliyekuwa kamanda wa mji huo, aliona kwamba mtoto akiaminiwa kazi ya kweli huikamilisha. Mwaka 1907 alipiga kambi katika kisiwa cha Brownsea pamoja na wavulana wapatao ishirini, wengine wana wa matajiri na wengine wana wa wafanyakazi. Aliwagawa katika vikundi vinne, na kila kikundi kikapewa kiongozi aliyekuwa mvulana mwenyewe.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyo, aliyekuwa amekwisha kulitumikia jeshi kwa zaidi ya miaka thelathini, hakutaka kwata iwe msingi wa skauti. Aliona kwamba kijana anayeongozwa kwa amri peke yake hujifunza kungojea amri. Yeye alimtaka kijana atazame, afikiri, aamue, kisha awajibike kwa uamuzi wake.

Wala haifai kuficha upande wa pili wa historia hiyo. Skauti waliingia katika Kenya wakati wa ukoloni, na kwa miaka mingi vikosi vyao vilitenganishwa kwa rangi, Wazungu mbali, Wahindi mbali na Waafrika mbali. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni iliutumia uskauti katika kambi ya Wamumu kama njia ya kuwageuza nia vijana waliokuwa wamekamatwa kwa ajili ya Mau Mau. Hata hivyo sheria ya skauti ilisema kwamba kila skauti ni ndugu wa skauti mwenzake, na Waafrika walioisoma sheria hiyo waliuliza kwa haki ni undugu gani huo usioweza kuketi katika benchi moja. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 chama kikawa cha Wakenya. Leo madaraja ya vijana wake yana majina ya Kiswahili: Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri.

Historia hiyo inafundisha kwamba sare moja yaweza kutumika kumnyenyekeza kijana, na sare hiyo hiyo yaweza kutumika kumkomaza. Tofauti haimo katika kitambaa. Imo katika aina ya kazi anayopewa na uongozi anaoachiwa.

Na itazamwe kazi ya kupanda miti. Mnamo Desemba 2022 serikali ya Kenya ilitangaza shabaha ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikawa siku ya mapumziko kwa taifa zima ili kila mwananchi ashike mche. Kazi ya namna hii ndiyo hasa inayowafaa skauti, na vijana huipenda. Lakini kazi hii ndiyo pia inayodanganya kwa urahisi. Watu mia wanaweza kupanda miche elfu moja asubuhi moja, wakapigwa picha, wakapewa soda na kurudi nyumbani kwa nyimbo. Miezi mitatu baadaye mbuzi wamekwisha kula nusu ya miche, na jua limekwisha kuua nusu iliyobaki. Katika taarifa itaandikwa miti elfu moja. Shambani hakuna hata mmoja.

Kuhusu jambo hili Nyeri ina mwalimu wa pili. Katika wilaya hiyo hiyo alizaliwa, mwaka 1940, Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Harakati za Ukanda wa Kijani mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Wanawake wa vijijini waliofanya kazi katika harakati hizo walipewa fedha kidogo kwa miche waliyoiotesha, lakini malipo hayo hayakutolewa kwa kila mche uliotiwa ardhini. Yalitolewa kwa kila mche ulioshika. Utaratibu huo mdogo una hekima kubwa kuliko hotuba nyingi, kwa sababu uliihamisha heshima kutoka siku ya sherehe ukaipeleka kwenye siku za kumwagilia maji, kung'oa magugu na kuweka miiba ya kuzuia mifugo.

Kipimo hicho cha mche ulioshika chafaa kwa kila mradi wa vijana. Choo cha shule kihesabiwe kama bado kinatumika na bado ni kisafi baada ya mwaka mmoja. Kisima kihesabiwe kama yupo mtu anayejulikana wa kuitengeneza pampu. Darasa la kusoma na kuandika lihesabiwe kwa waliojua kusoma. Ngoma ivumayo haidumu, na mradi unaovuma siku ya uzinduzi peke yake hauna tofauti na ngoma hiyo.

Baada ya matokeo huja suala la uongozi. Vyama vya skauti vya nchi nyingine vimeliandika suala hili katika kanuni zao. Katika Marekani, kijana anayetaka daraja la juu kabisa, liitwalo Eagle, yaani Tai, hupaswa kutimiza mradi wa kuwasaidia watu wa eneo lake. Sharti hilo limekuwapo tangu mwaka 1965. Kanuni zake ni za kuangaliwa. Mradi haupaswi kuwa wa faida ya kibiashara, wala kuwa wa kukinufaisha chama cha skauti chenyewe. Mpango huandikwa na kukubaliwa kabla kazi haijaanza, na miongoni mwa wanaoukubali ni wale watakaonufaika. Hakuna idadi ya saa iliyowekwa. La msingi ni kwamba kijana mwenyewe awaongoze wengine. Akiufanya mradi wote kwa mikono yake peke yake, hata uwe mzuri kiasi gani, hajatimiza sharti.

Si lazima nchi za Afrika ya Mashariki zifuate desturi za Marekani. Lakini kanuni hiyo ya mwisho inagusa kasoro inayoweza kutokea popote, na wanaoweza kuisababisha ni watu wema.

Achukuliwe, kwa mfano, kijana wa miaka kumi na sita anayeona kwamba watoto wa kijiji chake huvuka kijito kwa hatari wakati wa masika. Anakusudia kutengeneza kivuko cha miguu. Anazungumza na wazee, anapima upana, anatafuta magogo, anawapangia wenzake zamu. Siku ya kazi mambo yanakwenda polepole. Magogo mawili ni mafupi. Wenzake watatu hawakufika. Hapo anatokea afisa mwenye moyo mzuri aliyeombwa kuja kutazama. Kwa kuona vijana wanahangaika, anaita lori na askari kumi. Kabla ya jua kutua kivuko kimesimama, imara na kimenyooka, na kijana anashukuru huku akitazama chini.

Kivuko kimejengwa, lakini kijana hakujengwa. Alikuwa karibu kujifunza jinsi ya kuwaendea wale watatu ambao hawakufika, jinsi ya kukiri mbele ya wazee kwamba alipima vibaya, na jinsi ya kuanza upya siku ya pili. Yote hayo alinyang'anywa kwa wema. Kila koplo anajua kwamba hakujifunza kuongoza seksheni kwa kumtazama sajini akiiongoza. Alijifunza siku alipoachiwa, akakosea, akasahihishwa, akaachiwa tena.

Hii haina maana kwamba mtu mzima akae mbali. Yapo mambo ambayo hayaachiwi kijana. Usalama wa maisha ni wajibu wa mtu mzima: maji yenye kina, umeme, mashine, moto na barabara yenye magari. Ulinzi wa watoto wenyewe pia ni wajibu wake, na kanuni za skauti wa leo zinasisitiza kwamba mtu mzima asijitenge peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Afisa wa polisi anayeshirikiana na vijana anapaswa kuwa wa kwanza kuifuata kanuni hiyo, si wa kwanza kudai kwamba sare yake inatosha kuwa dhamana. Zaidi ya hayo, kazi ya hatari inayowapasa askari isitupwe kwa watoto kwa jina la kujitolea.

Kuna sababu nzito zaidi ya kumtaka kijana ajifunze kufikiri na si kutii tu, na sababu hiyo iko katika historia ya nchi jirani. Mwaka 1994 katika Rwanda, Interahamwe walikuwa vijana wa chama kilichotawala. Walikuwa na viongozi, walikuwa na mafunzo, na walikuwa na utii. Amri ilipotolewa ya kuwaua Watutsi, waliitimiza. Hakuna anayeweza kusema kwamba vijana wale walikosa mpangilio. Walichokosa ni uongozi wenye haki na ujasiri wa kukataa uovu. Kwa hiyo utii na mpangilio peke yake si sifa ya kutosha kwa kikundi chochote cha vijana, hata kama kinapendeza kutazama.

Kutokana na maafa hayo ya Maziwa Makuu, vyama vya skauti na vya wasichana wa Girl Guides vya Burundi, Rwanda na Kongo viliungana katika mradi ulioitwa Amahoro Amani. Neno la kwanza ni la Kirundi na Kinyarwanda, la pili ni la Kiswahili, na yote mawili yana maana moja. Vijana walifundishwa kuzitambua chuki za kikabila, kuzijadili na kuwapatanisha wenzao. Mradi kama huo hauna jengo la kuzinduliwa wala jiwe la msingi. Matunda yake ni ugomvi ambao haukutokea, na tunda la namna hiyo halionekani kwa urahisi katika picha. Lakini kama ipo huduma inayostahili kupewa daraja la juu, ni hiyo.

Basi afisa au askari anayeombwa kuwasaidia vijana anaweza kuuliza maswali manne kabla ya kutoa lori. Je, watu wa mahali pale wameulizwa kama wanaihitaji kazi hiyo? Je, upo mpango ulioandikwa na kijana mwenyewe? Je, nani atakayeitunza kazi hiyo baada ya sherehe? Na je, msaada unaoombwa utamwezesha kijana kuongoza, au utamwondoa katika nafasi yake? Akipata majibu ya kuridhisha, atoe msaada kwa moyo wote, kisha asimame pembeni. Kusimama pembeni ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kutoa amri, lakini nayo ni kazi.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Hawakusema mfinyanzi amalize chungu kwa niaba ya mwanafunzi wake. Mvua za masika hupita, na baada yake huja kiangazi. Anayetaka kujua ubora wa skauti wa nchi yoyote asiende siku ya gwaride. Aende wakati wa kiangazi, asubuhi na mapema, kwenye kilima kilichopandwa miti, atazame kama yupo kijana anayepanda na ndoo ya maji bila kutumwa na mtu.